Kuotesha Mbegu Nje kwenye Mitungi na Chupa Kuukuu Wakati wa Baridi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ninalima kieneo kidogo nyuma ya nyumba huku Bahati, Nakuru. Kwa miaka kadhaa sasa miche yangu ya Juni hadi Agosti huanza maisha ndani ya mitungi ya mafuta ya kupikia na chupa za maji zilizokatwa. Majirani wakiiona wanauliza, na jamaa zangu wa Kisumu na Kakamega wakipiga simu wanauliza pia. Haya ndiyo maswali yanayorudi kila msimu.

Kwani mbinu hii ilianzia wapi, na sisi tusio na theluji inatuhusu nini?

Ilipata umaarufu Marekani. Kule mtu huchukua mtungi wa maziwa wa lita 3.8 hivi, akaukata kiunoni, akautoboa, akatia udongo na mbegu kati ya Desemba na Februari, kisha akauacha nje theluji imwagikie juu. Mbegu hulala. Baridi ikiisha na jua likirudi, zinaamka zenyewe kwa wakati wake. Kuna maua na miti ya nchi hizo ambayo mbegu zake haziwezi kuota kabla ya kupitia wiki kadhaa za baridi na unyevu, kwa hiyo kwao baridi yenyewe ni sehemu ya kazi.

Mboga zetu hazihitaji usingizi huo. Sisi tunachochukua ni ile nyumba. Nakuru mjini ni kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai joto hushuka hadi karibu nyuzi 10. Ukipanda kuelekea Molo unakaribia mita 2,500, na huko baridi ni kali zaidi. Mbegu ya nyanya au hoho iliyomwagwa kwenye kitalu cha wazi wakati huo hukaa tu ardhini, mara nyingi hadi ioze. Ndani ya mtungi, udongo unapata joto mapema asubuhi na kulihifadhi hadi usiku. Ni grinihausi ya mtu asiye na pesa ya grinihausi.

Faida ya pili ni mvua. Nakuru ina tabia yake: mvua ndefu ikiisha, Agosti inanyesha tena, na matone yake mazito huchimbua mbegu ndogo na kuziosha hadi mtaroni. Upande wa Kericho na Nandi, ambako mvua ya mawe ni jambo la kawaida, mche wa wiki mbili hauna la kufanya mbele ya barafu. Chini ya plastiki unapona.

Nitumie chombo gani?

Chochote kinachopitisha mwanga juu na kutoa maji chini. Ninachokipenda kuliko vyote ni mtungi wa mafuta ya kupikia wa lita 5, ule mweupe unaoona mwanga kupitia. Plastiki yake ni imara na inastahimili jua misimu kadhaa. Chupa kubwa ya maji ya lita 5 nayo ni nzuri, inapitisha mwanga vizuri zaidi, ila ni nyepesi na upepo wa alasiri unaweza kuipeleka hadi kwa jirani. Iegemeze kwa mawe.

Chupa za soda za lita 2 zinatosha kwa mtu anayetaka miche kumi au kumi na tano. Jerikeni ya njano ya lita 20 haipitishi mwanga wa kutosha, kwa hivyo usiitumie kama nyumba. Ipasue kwa urefu upate trei mbili nzuri, kisha utafute kitu kingine cha kufunika. Makopo ya Kasuku, yale ya mafuta ya kupikia, yanafaa kwa kuhamishia miche ikishaota, moja moja. Pakiti za maziwa za nusu lita zinafanya kazi hiyo hiyo: zioshe, zikate pembe za chini, zipange wima ndani ya kreti zikiegemeana. Trei za mayai za karatasi hulainika na kuvunjika baada ya wiki chache za kumwagiliwa, na kwangu mimi hazistahili usumbufu huo.

Udongo uwe na kina cha vidole vinne angalau. Pungufu ya hapo mizizi inagonga chini mapema na udongo unakauka kabla ya saa nane mchana.

Ni vyombo gani nisivitumie kabisa?

Chombo chochote kilichowahi kubeba dawa ya wadudu, dawa ya magugu, rangi, oili ya gari au asidi ya betri. Hata ukiosha mara kumi. Plastiki hunyonya kemikali na kuitoa polepole, na wewe unaotesha chakula. Usichukue pia mtungi usiojua ulikotoka kwa sababu tu ni wa bure. Kule mjengoni mitungi mingi imebeba vitu ambavyo hakuna atakayekumbuka kukuambia.

Naukata na kuutoboa vipi?

Osha kwanza kwa maji moto na sabuni, hasa mtungi wa mafuta, maana mafuta yaliyoganda kwenye kona huita sisimizi. Weka alama ya kalamu kuzunguka mtungi, vidole vitano kutoka chini. Kata kwa kisu chenye ncha, lakini acha upana wa vidole vitatu upande wa mkono wa mtungi bila kukata. Hapo ndipo patakuwa bawaba: sehemu ya juu inafunguka na kufunga kama kifuniko cha sanduku.

Kutoboa kunataka uvumilivu kidogo. Nachukua msumari wa inchi nne, naushika kwa koleo, nauweka kwenye makaa ya jiko hadi uanze kuwa mwekundu. Ukiugusisha kwenye plastiki unaingia bila kusukumwa na kuacha tundu duara lenye kingo laini. Msumari baridi, ama kisu, hupasua, na ufa huo baada ya wiki mbili unafika hadi ukingoni. Fanya matundu nane hadi kumi chini, na mengine manne pembeni karibu kabisa na sakafu, kwa sababu mtungi ukikaa juu ya ardhi bapa matundu ya chini huziba. Juu toboa manne ya hewa. Fanya kazi hii nje, upepo ukiwa nyuma yako, na watoto wakae mbali. Moshi wa plastiki ni mbaya kwa kifua.

Kizibo kitupe. Nitaeleza sababu mbele.

Udongo wa kawaida wa shamba unatosha?

Ukiwa peke yake hautoshi. Mimi huchanganya karai tatu za udongo wa juu, mbili za samadi iliyooza sawasawa na moja ya mchanga wa mto. Samadi iwe imeoza hadi haina harufu na haina joto ukiingiza mkono. Mbichi inaunguza mizizi.

Udongo wetu wa Nakuru ni wa volkano, mwepesi, unapitisha maji haraka, kwa hiyo wakati mwingine napunguza mchanga. Mtu wa Ahero au Nyando ana shida iliyo kinyume: udongo mweusi wa Kano hunata kama gundi ukilowa na kupasuka ukikauka. Huko ongeza mchanga uwe karai mbili na samadi iwe tatu, la sivyo mche utakabwa shingo na udongo uliojifunga.

Jambo moja nasisitiza, hasa kwa wenzangu wa Molo, Njoro na Kuresoi: usichote udongo mahali palipokuwa na viazi au nyanya. Mnyauko bakteria hukaa ardhini muda mrefu, na viazi, nyanya, hoho, biringanya na managu ni ukoo mmoja. Utakuwa umeubeba ugonjwa kwa mikono yako hadi kitaluni, kisha kutoka kitaluni hadi shamba safi. Chota chini ya ua, au mahali palipokuwa na mahindi. Kisha mwagia maji yanayochemka hadi udongo uloe wote, uache upoe usiku kucha. Maji hayo hupunguza ukungu na mbegu za magugu. Yasikufanye ujasiri wa kurudi kwenye shamba la viazi.

Nioteshe mbegu gani?

Kwa anayeanza, sukuma wiki. Inavumilia baridi, inaota ndani ya siku tano hadi kumi, na inakusamehe ukikosea. Kabichi na spinachi ziko karibu hapo. Kitunguu pia hupenda mtungi, ila uwe na subira: kitakaa humo wiki nane hadi kiwe na unene wa penseli.

Nyanya huchukua wiki moja hadi mbili kuota, hoho hata wiki tatu. Hizi mbili ndizo zinazonufaika zaidi na mtungi wakati wa baridi, kwa sababu zinataka udongo wenye nyuzi 20 na zaidi, na Julai ya Nakuru haizipi hivyo bila msaada.

Mboga za kienyeji ndizo zinazoniletea maswali mengi, na ndizo ninazozipenda zaidi. Managu, ambayo Wajaluo huita osuga na Waluhya lisutsa, inakubali mtungi vizuri na kuhamishwa haiiumizi. Mbegu zake ni ndogo mno, basi zichanganye na mchanga mkavu kijiko kimoja ndipo unyunyize, zisije zikaangukia mahali pamoja. Terere huota kwa haraka sana, siku nne tu joto likiwapo.

Saga ni habari nyingine. Hiyo dek ya Wajaluo, tsisaka ya Waluhya, ina mzizi mkuu unaoshuka moja kwa moja na hauvumilii kusumbuliwa. Ukiihamisha inadumaa na kutoa maua kabla ya kutoa majani ya kutosha sufuria moja. Ipande shambani moja kwa moja. Na ikiwa umevuna mbegu zako mwezi uliopita na hazioti, hazijafa: mbegu changa ya saga hulala miezi kadhaa kabla ya kukubali kuota. Tumia za msimu uliotangulia. Karoti, dhania na kunde nazo ziende shambani moja kwa moja. Mrenda vilevile, sijaona faida ya kuuanzisha kitaluni.

Nizike mbegu kina gani?

Mara mbili hadi tatu ya unene wa mbegu yenyewe. Kwa nyanya ni kama nusu sentimita. Kwa managu na terere, nyunyiza juu kisha pepetea udongo mwembamba uzifunike tu.

Nianze mwezi gani?

Hesabu kurudi nyuma kutoka siku unayotaka kuhamisha. Sukuma, nyanya na managu zinahitaji wiki nne hadi sita kitaluni, hoho sita hadi nane. Kwa mvua ndefu inayoanza Machi, weka mbegu mwisho wa Januari au mwanzo wa Februari. Wakati huo mchana ni wa jua kali, lakini usiku wenye anga safi unaweza kuwa baridi sana, hasa sehemu za juu. Kwa wanaotaka kutumia mvua ya Agosti huku Nakuru, anza mwisho wa Juni. Kwa mvua fupi za Oktoba, anza Agosti na Septemba.

Kifuniko nikifungue lini?

Hapa ndipo penye kazi yote. Mengine ukiyakosea unarekebisha.

Julai moja nilikwenda mazishini Kakamega. Niliondoka alfajiri, ukungu umelala hadi kwenye paa, nikaona siku itakuwa ya mawingu. Mitungi sita ya nyanya nikaiacha imefungwa, vizibo juu. Kumbe saa tano jua lilitoka na kukaa hadi jioni. Niliporudi na kuinua kifuniko cha kwanza, hewa iliyonipiga usoni ilikuwa na harufu ya mboga iliyochemshwa. Miche yote ilikuwa imelala, majani yamegeuka kijani kile cha mboga iliyoiva, na nilipoyagusa yalinata kidoleni. Kwa siku moja nilipoteza kazi ya wiki tatu, na baridi haikuhusika hata kidogo. Joto ndilo lililoua.

Tangu siku hiyo sirudishi kizibo. Mdomo wa mtungi unakaa wazi mchana na usiku. Kabla mbegu hazijaota, kifuniko kinakaa kimefungwa ili unyevu usitoke. Zikishaota, nafungua saa mbili hadi saa tatu asubuhi jua linapoanza kuuma, na kufunga saa kumi na moja jioni. Siku ya ukungu mzito nachomeka kijiti kati ya kifuniko na kitako, pawe na nafasi ya kidole kimoja. Kama utashinda mbali na nyumbani, acha wazi. Mche uliopigwa na baridi ya mchana wa Nakuru utachelewa siku mbili, uliochemka haurudi.

Utajuaje kwamba mambo ni sawa? Asubuhi, kabla ya kufungua, tazama ndani. Matone madogo yamejipanga kwenye plastiki kama jasho, na chini yake miche bado imeinama shingo kama ndoana, maganda ya mbegu yakiwa vichwani. Hiyo ni afya. Ikiwa saa nne plastiki ni kavu kabisa, udongo unataka maji. Ikiwa matone ni makubwa na yanachuruzika mchana kutwa, hewa haitoshi.

Mimi niko Kisumu. Kwetu hakuna baridi. Nihangaike na mitungi ya nini?

Shangazi yangu wa Nyalenda aliniuliza hivyo hivyo: "Mwanangu, wewe unafukuza baridi, mimi nafukuza nini?" Nikamwambia, "Shangazi, wewe unafukuza mvua na kuku."

Kisumu iko kama mita 1,130 tu, kando ya ziwa, na mchana mwingi joto linakaribia nyuzi 30. Mtungi uliofungwa hapo ni sufuria. Kwa hiyo kata sehemu ya juu yote, tumia kitako peke yake kama trei, na uweke chini ya mti au chini ya kivuli cha nyasi kilichoinuliwa mita moja. Sehemu ya juu iliyokatwa irudishe tu mvua ya jioni inapokuja, kisha uiondoe asubuhi mapema. Shangazi sasa huotesha osuga na sukuma hivyo, juu ya meza ya mbao kuukuu. Letasi nilimwambia asubiri: udongo ukipita nyuzi 30 mbegu yake hukataa kuota, hata iwe nzima namna gani. Akiitaka, aweke trei mahali pa baridi ndani ya nyumba siku tatu za kwanza.

Nimwagilie mara ngapi?

Kidole ndicho kipimo. Kiingize hadi kwenye pingili ya kwanza. Kikitoka kikavu, mwagilia. Mtungi uliofunikwa wakati wa baridi unaweza kukaa siku nne bila maji. Njia bora ni kuusimamisha ndani ya karai lenye maji ya kina cha vidole viwili kwa dakika ishirini, unywe kutoka chini kupitia matundu. Ukimwaga kwa kikombe unachimbua mbegu. Ukikosa karai, toboa kizibo cha chupa ya soda matundu kumi kwa sindano ya moto, ukipate kinyunyizio.

Mwagilia asubuhi. Majani yaliyolala yameloa usiku wa baridi huita ukungu.

Miche ilikuwa mizuri jana, leo imeanguka ikiwa bado kijani. Nini hiki?

Tazama shina pale linapogusa udongo. Likiwa limenyong'onyea, limekuwa kama uzi wa kahawia, ni ukungu wa kwenye udongo. Hushambulia palipo na maji mengi, msongamano na hewa iliyosimama. Iliyoanguka haiponi. Ng'oa pamoja na udongo unaoizunguka, fungua kifuniko moja kwa moja, acha udongo wa juu ukauke, nyunyiza mchanga mkavu juu. Msimu ujao weka mbegu chache: mtungi wa lita 5 usizidi mbegu 40 za sukuma, na zikiota punguza kwa mkasi, usivute.

Miche yangu ni mirefu, myembamba, imelala upande mmoja.

Inatafuta mwanga. Ihamishie palipo na jua la asubuhi.

Kuku na konokono je?

Kuku wanapenda udongo laini kuliko chakula chao. Weka mitungi juu ya meza, au uizungushie matawi ya miiba. Konokono hujificha chini ya mtungi. Uinue kila jioni uwaokote kwa mkono. Majivu makavu kuzunguka meza yanasaidia, ila mvua ikinyesha rudia.

Wale viwavi wanaokata shina usiku huwa wanangoja mche ufike shambani. Chukua chupa ya maji, kata pete za kimo cha vidole vinne, vika kila mche pete moja na uizamishe kidogo ardhini. Kazi yake ni kubwa kuliko umbo lake.

Naweza kutumia mbegu nilizotoa kwenye nyanya ya sokoni?

Zitaota. Lakini nyanya nyingi za sokoni zimetokana na mbegu chotara, na watoto wao hawafanani na mama. Utapata mchanganyiko, mingine ikizaa vizuri, mingine hovyo. Kwa managu, terere na saga za nyumbani, hifadhi zako bila hofu. Managu: chuma matunda yaliyoiva, yaponde kwenye maji, mbegu nzuri zitazama, zioshe na uzianike kivulini. Ukinunua kwenye agroveti, angalia tarehe na stika ya KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mbegu, yenye namba ya kukwaruza, uhakikishe kwa ujumbe wa simu kabla ya kutoka dukani.

Nihamishe lini, na vipi?

Mche ukiwa na majani halisi manne hadi sita, bila kuhesabu yale mawili ya kwanza. Wiki moja kabla, acha kifuniko wazi hata usiku na upunguze maji. Shina litakuwa gumu, lenye rangi ya zambarau kidogo kwa nyanya. Kama anga ni safi kabisa na uko sehemu za juu ambako umande huganda alfajiri, funika usiku huo mmoja.

Hamisha jioni, au siku ya mawingu. Loweka mtungi kwanza, kisha bonyeza pande zake. Udongo utatoka kama keki. Shika mche kwa jani, usishike shina: jani likichanika litaota lingine, shina likipondeka ndio mwisho wake. Nyanya izike hadi kwenye majani ya kwanza, itatoa mizizi kwenye shina. Sukuma isizikwe kichwa.

Mtungi ukichakaa nifanyeje?

Ukianza kupasuka ukiukunja, muda wake umekwisha. Ukiuacha utakatika vipande vidogo vidogo ndani ya udongo ambavyo hutaweza kuviokota vyote. Usiuchome. Kusanya na vingine kwenye gunia, umpe anayenunua plastiki akipita mtaani. Kabla ya hapo osha udongo wote, na ile sehemu ya mkono uikate ubaki nayo: inatengeneza kijiko kizuri cha kuchotea samadi.